Bwana yangu hakukatala safari

Siku ya posho, kesho ni siku ya Mungu. Mvula inanyesha tangu asubui, hapa Musonoi matope imefika mpaka ku mulango. Sikukula. Moyo yangu iko buchungu.

Nadine, mujukulu yangu, njo anaandika mu telefone, ju mi sikusoma. Nimemuambia: andika vile niko nasema, usinitengenezee kinywa.

Kesho, kiisha misa, bandugu ya bwana yangu banakuya kumaliza kilio yake. Banataka neno moja tu. Niseme mbele ya bote: bwana yangu alikatala safari ju ya makosa yangu. Nikisema, batanitosha nguo nyeusi ya kilio, batanisafisha, nitabakia mu nyumba. Nikikatala, nitoke na sufuria zangu. Hii nyumba mi njo nilibeba mayi ya kufyatulia matofali yake, na mimba ya mama ya Nadine mu tumbo. Kapend, mukubwa ya bwana yangu wa tumbo moja, hakubeba hata ndoo moja.

Bwana yangu, tata Kalenga, alikuwa mutu ya Sandoa. Alikuwa anasema kila siku: nikikufa, munirudishe kwetu. Alikufa mu kipindi ya mvula. Na barabara ya Sandoa mu mvula, kamio inalala mu matope siku ine, siku tano. Maiti haiwezi kungoya. Njo tulitafuta ndeke, kale kadogo ka kubeba batu na mizigo.

Kwetu, mbele ya kubeba maiti, lazima useme naye, asikasirike mu njia. Kapend alisema naye. Na mi nilisema naye, muzuri, pole pole. Nilimuambia hata mbuzi yake imezaa mapacha, ju asibakie na mawazo. Sasa banasema sikusema naye vile inafaa. Mi nilikaa naye miaka yote ile, nisijue kusema naye?

Ndeke ilianguka mbele ya kufika Sandoa. Mu Kolwezi yote, batu banasema: maiti njo ilikatala.

Maiti haikukatala kitu. Esanse, mafuta ya ndeke, njo iliisha.

Sikia vile ilikuwa. Kapend alitaka sanduku ya muti ya mulombwa, mbao nene nene, ati mutu mukubwa hazikwe kama kuku. Batu sita njo baliweza kuibeba, na balikuwa banatukana chini chini. Ku kiwanja ya ndeke balipima sanduku, balitupima na sisi, ku balanse ile ya magunia ya bunga. Kilo ilipita. Piloti alisema batu babili babakie. Kapend alikatala. Balimuambia abadirishe sanduku, alikatala tena. Njo shefu yao alisema: basi, mupunguze esanse.

Baliitosha mu ndeke na pompe, baliitia mu fute, pipa ya chuma. Niliona na macho yangu.

Piloti, kijana tu, alisema: "Shefu, tutafika. Lakini kama mvula inatuzungusha, hatutafika."

Kapend alisikia. Mi nilisikia.

Nilinyamaza. Hii sijaiambia mutu, hata padri. Nilinyamaza ju nilijua, nikisema, batatushusha sisi banamuke babili, na bwana yangu ataenda kuzikwa pasipo mi. Niliangalia mbali, kama mutu mwenye hasikie Kifransa.

Mbele ya Sandoa tulikuta mvula, nyeusi, kama ukuta. Ndeke ilizunguka, ilizunguka tena. Kiisha ilikohoa. Kiisha kimya. Sijasikiaka kimya ya vile. Tuliingia mu shamba ya mihogo. Moto haikuwaka, ingewaka na nini?

Sanduku ya Kapend ilitoka fasi yake, ilienda mbele na nguvu. Marie, mudogo yangu wa tumbo moja, njo alikuwa pale. Alikuya kunishika mukono tu, hakuwa na kazi na Sandoa. Baganga ya lopitalo balikata muguu yake ya kuume.

Yeye hakusikia piloti. Alikuwa anasimama mbali, anachunga kitambaa yangu isilowe.

Eko ku lopitalo pa Manika. Kila mara naenda na supu, ananiuliza mi mukubwa yake: "Yaya, ilikuwa nini?" Namuambia, Mungu njo anajua. 

Kwa hiyo kesho sitasema uongo ya Kapend. Nitasema esanse, nitasema mulombwa, na nitasema mi pia nilisikia. Banifukuze. Nikifukuzwa, fasi yenye inabakia ni kwa Marie tu, na sijui kama atanifungulia mulango. Mi ningekuwa yeye, singefungula.

Nadine ananiuliza: nkambo, uko na hakika? Mama Marie anasomaka hii bitu mu telefone yake, ku kitanda pale.

Njo maana nasema uitume sasa, mbele ya misa. Asisikie kwa Kapend.