Mufupa ya Chui

Badibanga, soma hii barua, kisha uichome! Kisu yangu imeonekana. Ile ya mupini ya mufupa, ya zamani kupita zote nilizokusanya!

Onema njo mwizi. Onema, jirani yangu! Leo tukiwa kwa salongo, ile kazi ya lazima ya chama, tunafyeka majani, akaitoa mbele ya watu wote, anamenya nayo muwa. Hata haya hana!

«Umeipata wapi?»

«Ni ya babu yangu. Mufupa ya chui.»

Ya chui! Baba yangu aliona mbuzi ya ule mufupa ikichinjwa kule Kibombo!

Nilitaka kumupiga. Lakini mukubwa wa chama alikuwa karibu. Nikapaza sauti: «Chui, Onema? Chui si ya Mukubwa wa inchi peke yake?»

Wamemufunga. Analia: «Ni ya mbuzi! Niliiiba kwa jirani yangu Kankolongo, huyu hapa!»

Wakaniletea kisu, wakaniuliza kama ni yangu.

Nikajibu: «Sijawahi kuiona.»