Mwaka wa Watu Wawili

Bwenini, Nachingwea
6 Septemba 2025

Baba mpendwa,
Shikamoo. Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila maharage ya hapa ni yale yale.
Mimi na mwanafunzi mwenzangu Semeni tumeteuliwa kuiwakilisha shule yetu katika mashindano ya historia, fainali Ruangwa mjini. Baba, nikishinda naomba kidato cha tatu nichukue sanaa, siyo sayansi. Nakuomba sana.
Mwanao, Brigita

Chinongwe, Ruangwa
13 Septemba 2025

Mwanangu Brigita,
Marahaba. Mgongo umetulia, mama anafagia chini ya mikorosho.
Sisi tulitaka muuguzi. Wafalme waliokufa watakulisha nini? Haya, ukishinda, chagua. Ukishindwa ni sayansi, na sitaki machozi.
Mimi katekista nakupa jambo moja la historia: watu wa kabla ya Kristo walihesabu miaka kwa kushuka, wakimngojea, kama sisi tunavyohesabu Jumapili zilizobaki kwa mishumaa ya Majilio, tukiingoja Krismasi.
Baba yako

Nachingwea
5 Oktoba 2025

Baba mpendwa,
Shikamoo! Wote hamjambo? Mimi hata kukaa siwezi!
Tulilingana pointi na wenyeji. Swali la mwisho: mwaka tunaouita 44 KK, Warumi wenyewe waliuitaje? Wenyeji wakawahi: "Arobaini na nne, walikuwa wanahesabu kushuka." Baba, jibu lako lile lile! Likakataliwa. Nami nilikuwa nalo mdomoni!
Nikajiuliza, Warumi wangejuaje Yesu atazaliwa lini? Nikamkumbuka bibi: mdogo wangu Jastin kazaliwa mwaka wa tembo, wewe baba mwaka wa jando la Halfani. Bibi hana namba, ana majina! Nikamnong'oneza Semeni, naye akakumbuka kwamba Warumi walichagua wakuu wawili kila mwaka, mwaka ukaitwa kwa majina yao. Nikasimama: "Mwaka wa Julius Kaisari na Marko Antoni!" Semeni akaongeza kuwa wengine waliuhesabu tangu Roma ijengwe, wa mia saba na kumi.
Ukumbi mzima vigelegele. Tumeshinda, baba! Nangoja neno lako.
Mwanao, Brigita

Chinongwe
12 Oktoba, mwaka wa Brigita na Semeni

Mwanangu mshindi,
Marahaba, na marahaba tena. Nimefurahi mpaka nimesahau kukasirika kwa ajili ya mishumaa yangu. Bibi anatamba kijiji kizima kwamba aliyeshinda ni yeye.
Chukua sanaa. Muuguzi atakuwa Jastin, ila bado hajaambiwa.
Tazama mwaka nilioandika hapo juu. Bibi ndiye aliyeupa jina, na hapa nyumbani hautaitwa vingine.
Baba yako