Mpira wa Shafti

Wayua dada yangu,

Natumaini wewe na watoto mko salama huko Kabati. Hapa ndengu zimeiva, na boti ya kuvukisha watu bwawani imerudi kazini. Jana nilibadilisha mpira wa shafti, ule wenye mikunjo unaozuia maji kuingia pale shafti ya injini inapotokea nje ya boti. Wa zamani ulipasuliwa na jua la kiangazi. Nyufa niliziona, nikazifunga na raba ya tyubu, vile tunafunga mitungi kwa punda. Raba ikafunguka katikati ya bwawa, boti ikajaa maji, na mumeo Nyamai akazama.

Kwa mazishi pasta alisema siku yake ilikuwa imefika, nami nikaitikia amina. Lakini mpira mpya ulikuwa stoo. Kuubadilisha kunataka siku nzima, na siku nilipoziona nyufa ilikuwa siku ya soko, abiria ni wengi.

Nakuja Jumamosi. Usinipikie.

Kaka yako,
Mutunga