Maneno Marefu ya Mama Yangu

Kihagara

Mjukuu na mume wangu Kastori,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi ni wazima. Baba yako amepanda mlimani, Litembo, kuchuma kahawa, na mguu wangu umepata nafuu.

Unauliza uandike nini kwenye fomu ya kuomba shahada ya pili ya viumbe wa ziwani, maana wenzako wana wazazi wasomi, na kwetu hakuna aliyejua chochote. Hapo niliona aibu, na aibu ni yangu.

Nilipokuwa msichana alikuja mtafiti kuuliza habari za samaki wadogo wa kwenye mawe. Mama yangu hakujua Kiswahili, basi mimi niliyemaliza darasa la saba nikawa mkalimani. Mama alimshika samaki mmoja, akaeleza kwa Kinyasa: "Huyu hutunza watoto wake mdomoni, na siku zote hizo hali kitu. Tukimkuta amefumba mdomo hivi, tunamrudisha majini."

Niliona hayo ni maneno ya kishamba, nitachekwa. Nikamwambia mgeni, "Anasema hajui."

Mgeni akashukuru, akafunga daftari. Mama akaniuliza, "Mbona maneno yangu marefu yamekuwa mafupi?" Nikamjibu kwamba Kiswahili ndivyo kilivyo.

Alikufa akiamini hivyo.

Ijaze fomu, mjukuu wangu. Anza na samaki yule, utaje na jina la mama yangu. Na maneno yake, tafadhali, usiyafupishe.

Bibi yako