Elkana wa Karungu, Aliyemtafuta Baba Yake Chini ya Ziwa

Mwaka umepinduka, Elkana, tangu ziwa likurudishe kwetu likiwa limekwisha kukunyima pumzi. Tulitaka kukuandikia mapema, lakini mama yako Rispa alikataa. Alisema wewe si mtu wa kuandikiwa maneno matupu, tungoje mpaka kuwe na habari ya kukupa. Sasa habari ipo. Kuna nzuri na kuna mbaya, na zote mbili ni zako.

Kwanza tukukumbuke ulivyokuwa, maana hukuwa mtu wa kupita kimya. Siku ya Sabato uliimba besi kanisani mpaka wasichana wa safu ya mbele wakapoteza sauti zao. Kwa ubishi hukuwa na mwenzako. Ng'ombe wa Ndhiwa anayekataa kupanda lori alikuwa na nafuu kuliko wewe ukishashika neno.

Ulipovua mbuta, kichwa kilikwenda kwa mama yako kabla mnunuzi hajafika ufuoni, na wajane wa jirani walipata omena, dagaa wetu wa ziwani, bila kuomba. Hukupenda kushukuriwa. Mtu akisema asante, ulimuuliza kama hana kazi ya kufanya nyumbani kwake.

Nyinyi msiomjua mnaosoma haya, sikilizeni kwanza habari ya baba yake. Mwaka wa 1943 vita vilikuwa vimefika mpaka kwetu ziwani. Kisumu kulikuwa na ndege za jeshi la majini, zile za kutua juu ya maji kama bata, na Ogweno, baba yako Elkana, alikuwa kibarua huko. Kazi yake ilikuwa kupiga pampu ya mafuta kwa mikono. Mzungu mmoja alimzoea, akamwahidi kwamba iko siku atampandisha ndegeni, ila kwa siri, kwa sababu kibarua hakuruhusiwa kukanyaga ndani. Ogweno akatuma salamu nyumbani kwa mtu wa mashua: Alhamisi nitapita juu yenu, tokeni mtazame.

Rispa alitoka. Alikuwa bado msichana, na wewe ulikuwa mgongoni mwake. Aliona ndege ikija chini chini ikitoa moshi. Ilipita juu ya ghuba, ikainama upande mmoja, ikaingia majini mbali, huko ambako ziwa huwa jeusi. Mama yako alikimbilia ndani ya maji mpaka yakamfika shingoni, na watu wakamvuta kwa nguvu kwa sababu alikuwa anakuzamisha na wewe.

Askari walipokuja nyumbani, hawakuja kutoa pole. Walimtaka Ogweno. Wakubwa wao walikuwa wamesema ndege ilianguka na wazungu watatu, na kibarua mmoja ametoroka kazini siku hiyo hiyo, wakati wa vita. Rispa akawaambia mume wake alikuwa ndani. Wakamuuliza, "Ulimwona?" Hakuweza kusema uongo. Alikuwa ameona ndege tu.

Wazee wa boma hawakuwaamini askari, lakini hawakuwa na mwili wa kuzika. Kwetu mtu akipotelea majini haachwi bila kaburi. Huchumwa tunda la yago, lile refu na zito kama mkono wa mwanamume, likalazwa kaburini na kuliliwa kama mtu. Ndivyo walivyomzikia Ogweno yago. Rispa akakataa kulia. Akakataa kunyolewa nywele, akamkataa na shemeji aliyeletwa kumrithi.

"Mimi sikuolewa na tunda," aliwaambia. "Nileteeni mume wangu, nitalia."

Walimwona mwanamke mwenye kiburi. Kwa miaka mingi wanawake wenzake wa boma walipita kando ya mlango wake bila salamu.

Wewe ukakua ukiitwa mtoto wa mtoro. Ulipopeleka posa kwa akina Phanice, baba yake aliuliza mbele ya watu wote kama na wewe miguu yako ni myepesi. Phanice alikukubali hivyo hivyo, lakini jioni hiyo ulikaa nyuma ya nyumba ukalia, mwanamume mzima mwenye ndevu. Mama yako alikusikia. Hakutoka, kwa sababu alijua ukimwona utaona aibu zaidi. Alikaa ndani akishikilia mwiko mpaka ugali ukaungua.

Basi mwaka wa 1995 wavu wako ukanasa mahali pale penye maji meusi. Ulivuta mpaka ukachanika, na katika kipande kilichotoka kulikuwa na bati jepesi lenye rangi ya kijivu na misumari midogo midogo iliyopangwa. Hukulitupa. Ulilibeba kwa mikono miwili mpaka kwa mama yako, akalilaza kwenye mapaja, akalipangusa kwa kanga. "Ni yenyewe," alisema. Tukadhani mateso yamekwisha.

Mwaka uliofuata wageni walikuja na kamera ya kushushwa kwa kamba. Walikuwa watu wa kutafuta ndege za vita zilizolala chini ya maji na kuzipa tena majina. Aliyewaongoza ni Bwana Kerosi, afisa wa serikali, mtu mpole. Waliweka runinga ufuoni, wakamkalisha Rispa mbele yake. Aliona matope, halafu samaki, halafu mkia wa ndege umesimama wenyewe, umefunikwa na utando wa tope, una namba. Mmoja alisoma namba, mwingine akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa ndege ile ya 1943, nzima, milango imefungwa.

Bwana Kerosi akataja majina matatu ya marehemu. Rispa alingoja, kisha akauliza, "Na wa nne?"

"Mama, hakuna wa nne," alisema. "Karatasi za jeshi lao zinasema watatu."

"Karatasi ziliandikwa na wale wale walioleta askari."

"Najua, mama. Lakini hatuwezi kufungua. Hilo ni kaburi la wanajeshi. Sheria yao inasema lisiguswe."

Hapo ndipo uliposimama, Elkana. "Kaburi la nani?" ulimuuliza. "Hao watatu wana kaburi. Baba yangu ana shimo la tunda." Ukaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hukuwa mvuvi tena, tuseme ukweli. Ulikuwa mtu wa nanga. Kila ulipopata nafasi ulikwenda pale, ukashusha nanga ya meno manne, ukaikokota juu ya ndege ukitafuta mahali pa kushika. Phanice alikusihi kwa maneno mazuri, kisha kwa mabaya. Mama yako hakukukataza. Hilo ndilo linalomnyima usingizi mpaka leo. Alikuwa anataka mume wake, na neno la kumkataza mwanawe lilikataa kumtoka.

Oktoba mwaka jana ulikuwa na shemeji yako Cephas mashuani. Nanga ilishika, ikaja kidogo, ikakwama. Upepo ukabadilika na mawimbi yakaanza kuingia. Cephas anasema ulikuwa umezungusha kamba mkononi.

"Kata kamba, Elkana. Kata, tunakufa."

"Imeshika kitu. Hiki si jiwe, shemeji."

"Nimesema kata."

"Ngoja kidogo tu."

Wimbi lililofuata liligeuza mashua. Cephas alishikilia ubao mpaka wavuvi wa Sori wakamwona. Wewe kamba ilikwenda na wewe. Sikio la kufa halisikii dawa, Phanice alisema hivyo akiwa amekaa chini. Ziwa lilikurudisha ufuoni siku ya tatu. Mama yako alipoambiwa umepatikana, alipiga magoti akamshukuru Mungu kwamba hatakuzikia yago. Hebu fikiria mama anayeshukuru kwa jambo la namna hiyo.

Sasa sikiliza habari zako.

Agosti hii Bwana Kerosi alirudi na wapiga mbizi. Walikuja kuweka bamba la kumbukumbu tu. Lakini huko chini walikuta ubavu wa ndege umepasuliwa, na nyavu za wavuvi zimeanza kuzoa kila kitu, wakaamua kuokoa kilichobaki kabla hakijapotea. Akaja nyumbani na sanduku dogo. Hakulifungua upesi. Aliomba maji ya kunywa, akayanywa yote.

"Mama Rispa," alisema, "tumepata taya la chini la mtu. Daktari anasema huyu aling'olewa meno sita ya mbele akiwa hai, akiwa kijana, na mfupa ukapona. Wale watatu walikuwa na meno yao yote. Nataka kujua maana yake."

Mama yako alifungua mdomo akamwonyesha pengo lake, lile la watu wote wa rika lake, walipong'olewa meno ili wahesabiwe watu wazima. Kisha akasema, "Kabla hujanionyesha, angalia upande wa kushoto. Mng'oaji alikuwa mlevi. Jino moja lilivunjika, mzizi ukabaki. Ogweno alikuwa analala upande huo akinishika sikio, kwa maumivu."

Bwana Kerosi alifungua sanduku, akaligeuza taya kwenye mwanga wa mlango. "Upo," alisema.

Baba yako alikuwa ndani, Elkana. Hakutoroka. Alikuwa amekaa nyuma, pale pa mitungi ya mafuta, mahali pasipo na kiti. Bwana Kerosi amesema jina la Ogweno litachorwa kwenye bamba pamoja na yale matatu, na chifu alilitangaza hilo mbele ya kanisa zima. Baba mkwe wako, mzee yule mwenye maneno, alikuja na mkongojo wake akasimama mlangoni kwa mama yako. Aliomba msamaha. Mama yako alimpa kiti.

Hiyo ndiyo habari nzuri. Mbaya ni hii, na tumekubaliana tusikufiche. Ndege ilikuwa nzima mwaka ule walipoitazama kwa kamera. Nanga zako ndizo zilizoipasua. Bila wewe lile taya lisingeonekana kamwe, lakini mifupa ya wale wengine ilitawanyika kwenye matope, na kuna familia tatu ng'ambo ambazo hazitapata hata kipande. Bwana Kerosi alilisema bila hasira, na ndiyo maana lilituuma zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama yako alimshika mkono akamwambia, "Wape pole yangu. Waambie kwamba mwanangu hakuwa mwizi wa makaburi. Alikuwa anatafuta wake, akawaumiza wao. Waambie najua wanavyolala." Na sisi sote tunasema hivyo hivyo, hapa, mbele ya kila anayesoma.

Tulifukua kaburi la yago. Hatukukuta tunda, udongo tu. Tukalaza taya ndani ya shuka nyeupe. Na hapo mama yako, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimlilia Ogweno, alipiga nduru ambayo ilisikika mpaka ufuoni. Wavuvi waliacha nyavu wakaja wakikimbia, wakauliza nani amekufa. "Mume wangu," alisema. "Amekufa leo." Aliketi chini, akamwita Dorine mjukuu wake amnyoe nywele. Zilikuwa nyeupe zote.

Kisha ikafika zamu ya udongo. Katika boma letu wa kwanza kuutupa ni mtoto wa kiume, na Ogweno alikuwa na mmoja tu. Watu walitazamana. Mwanao Elvis alisogea, lakini Rispa alimzuia kwa mkono. Alitembea peke yake mpaka kwenye kaburi lako, akainama, akachota udongo kutoka juu yako kwa viganja viwili. Alirudi nao polepole asiumwage, akautupa juu ya baba yako.

"Ogweno," alisema, "mwanao ndiye ametupa. Wengine mnaweza kuendelea."

Tunakukumbuka kwa upendo: mama yako Rispa, mke wako Phanice, watoto wako Dorine na Elvis, shemeji yako Cephas, wajukuu, na jamaa wote wa Karungu na Ndhiwa. Lala, mwana wa Ogweno. Katika nyumba hii hutasahaulika kamwe.