Nimefuta Alichofikiri Mwanangu

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu, na baada ya salamu naomba msaada wako, maana nimemwomba Mungu wiki nzima na bado moyo haujatulia.

Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani, shule niliishia la saba, na huyu kitinda mimba wangu, tunayemwita Chiriku kwa jinsi anavyouliza maswali tangu anapofumbua macho, yuko darasa la tatu. Mwalimu wao amewapa daftari la sayansi ambalo si la kunakili ubaoni. Mtoto anaandika swali lake, anaandika anachodhani kitatokea, kisha wanajaribu na kuandika walichokiona, na hata kama alikosea hafuti, anaacha vilevile na kuandika chini yake alichojifunza. Sasa mimi kulifungua nikakuta kaandika kwamba mbegu ya maharage ikiwekwa kabatini haitaota kwa sababu inaogopa giza, na kwamba sufuria ikiwekwa kwenye beseni la maji itazama kwa sababu msumari ulizama, wala hakuna alama nyekundu hata moja, nikasema huyu mwalimu ni mvivu au vipi, na mimi ni mtu wa ibada, kuacha jambo lisilo kweli limeandikwa kwa mkono wa mwanangu niliona ni kumzoesha uongo, basi nikachukua kifutio nikafuta ukurasa baada ya ukurasa, nikamwandikisha yaliyo sahihi kwa mwandiko mzuri, daftari likang'aa.

Darasani mwalimu akamuuliza, "Mwanzo ulifikiri nini?" Akajibu, "Mama amefuta nilichofikiri."

Mwalimu hakunigombeza, alinieleza tu kwa upole pale langoni mwa shule, lakini tangu hapo Chiriku haulizi kitu. Jana swali lao lilikuwa maji yatakauka haraka wapi, kwenye sahani au kwenye kikombe, akakaa na penseli mdomoni, kisha akaniambia, "Mama, nifikiri nini?" Mshauri, swali hilo lilinichoma moyo.

Ijumaa wazazi tumeitwa, kila mtoto atafungua daftari aonyeshe wazo lake lililobadilika, naye anasema haendi, lake halina kitu. Wifi yangu ananiambia, "Si uyarudishe tu yale makosa, wifi? Andika kitoto-kitoto, nani atajua?" Mume wangu akacheka mpaka akakohoa: "Ulighushi majibu, sasa unataka kughushi na makosa!" Basi nimekaa na penseli mkononi. Niyarudishe, au nimwache abaki nyumbani asiaibike?

Mama Chiriku

*

Mama Chiriku, iweke hiyo penseli chini kwanza, ndipo tuongee.

Nia yako naiona, hukufuta kwa ubaya. Lakini hapo kwenye uongo umechanganya mambo. Mwongo anaujua ukweli akausema kinyume. Mwanao hakuujua, alisema anachodhani, akatoa sababu, akangoja aone. Msumari umezama, sufuria nayo ni chuma, basi itazama: huyo ni mtoto anayepima mambo, nawe ukamfutia! Na huyo unayemwita mvivu anasoma kurasa hizo ajue kila mtoto amefikia wapi. Ulimpelekea daftari lako, si la Chiriku. Uongo ni hicho anachokushauri wifi yako. Mumeo yuko sawa, ingawa apunguze kucheka.

Wewe fundi, kabla ya kukata gauni unachora kwa chaki. Sasa fikiria mtu anapita nyuma yako na kitambaa kibichi, anafuta kila mstari, halafu anakukabidhi gauni lake lililokwisha. Kesho ungeshika mkasi tena?

Fanya hivi. Leo hii mwombe mtoto radhi, ana kwa ana, bila kuzungusha maneno. Kisha aandike mwenyewe kwenye ukurasa safi: nilifikiri mbegu inaogopa giza, mama akafuta, mbegu ikaota. Yaliyobaki amalizie yeye. Hilo ndilo wazo lililobadilika, tena la watu wawili. Ijumaa mwende wote, ukae mbele. Nyumbani wekeni sahani na kikombe dirishani, yeye aandike chake, wewe chako kwenye karatasi yako, na atakayekosea asifute. Kifutio mpe mumeo akifiche.

Na akikuuliza tena afikiri nini, hata kama jibu unalijua, mwambie, "Wewe unaonaje?" Kisha nyamaza, mama. Nyamaza mpaka aseme.