Unga Niliolaza

Ijumaa, mwezi wa nne

Sijui nilikuwa nawaza nini. Mkate wa Pasaka hautiwi chachu wala haungojwi, na mimi nikaukanda na kuufunika upumzike kama chapati!

Mwende, msichana wangu, akacheka. "Mama, Waisraeli walitoka Misri mbio, na wewe unalaza unga?"

Nilishikwa na hofu. Ni mara ya kwanza ushirika wetu kuniachia kazi ya kuoka huo mkate. Ule unga nikampa jirani, nikakanda mwingine, nikachoma haraka. Ukatoka mgumu, ukavunjika njiani kwenda ibadani. Karibu nilie.

Mchungaji akainua kipande. "Hata Masihi alivunjwa kwa ajili yetu." Halafu akainua kikombe cha agano jipya, lile ambalo Mungu anaandika sheria yake moyoni. Hata huu moyo wangu wa wasiwasi.

Wamesema mwaka ujao ni mimi tena. Huo unga hautapata usingizi.